Deni la pari halilipwi kwa pari

Jumamosi jioni, wakati kwaya zinamaliza mazoezi, vibanda vya pari katika miji yetu ya mashariki vinajaa. Wamotari wanasimamisha pikipiki kando ya barabara, wanafunzi wanainama juu ya simu, baba wa familia anachagua mechi za Uingereza na za Uhispania kwenye karatasi. Asiyefika kibandani anacheza akiwa nyumbani, na pesa inatoka katika akaunti yake ya M-Pesa, Airtel Money ao Orange Money. Kisha Jumatatu inafika. Minervali ya mtoto wa sekondari haijalipwa. Mama anaulizwa deni asilolijua. Mweka hazina wa kikundi hapokei simu.

Wapendwa, hii si habari ya watu wa nje tu. Wanaonaswa wako katika viti vyetu, wengine wako katika kwaya na katika kamati za ujenzi. Hapa tunataka kuuliza maswali mawili: kwa nini kamari imepata nguvu namna hii kwetu, na kanisa la mahali linaweza kufanya nini ili mtu aliyeingia katika mchezo na katika deni apate njia ya kutoka? Kuhubiri kwamba kamari ni mbaya kunahitajika, lakini aliyenaswa anajua kwamba ni mbaya kuliko sisi tunaomhubiri.

Kwa nini sasa

Vita vimeharibu kazi. Mkulima wa Masisi ao wa Rutshuru aliyekimbia shamba lake anaingia mjini bila kipato. Mwisho wa Januari 2025 Goma iliingia katika mikono ya AFC/M23, na katikati ya Februari Bukavu nayo. Benki zikafunga milango, na walimu, wafanyakazi wa mashirika na wafanyabiashara wakabaki kutafuta noti za pesa kwa shida. Mtu asiye na mshahara wa uhakika, asiyeweza kuweka akiba wala kupanga mwaka ujao, anaanza kuiona bahati kuwa mpango wa maisha. Kibanda cha pari kinamwambia kwamba kwa franka 1 000 leo anaweza kuvuka yote kwa usiku mmoja.

Jambo la pili ni simu. Zamani mcheza kamari alipaswa kwenda mahali fulani, na watu walimwona. Leo mchezo uko mfukoni saa zote, na mke anayelala karibu naye hajui. Jambo la tatu ni mpira wenyewe. Vijana wetu wanaujua mpira vizuri. Wanajua nani ameumia na kocha gani amefukuzwa. Kwa sababu hiyo wanadhani kwamba hawachezi bahati bali wanatumia maarifa. Hapo ndipo mtego ulipo.

Hesabu ambayo kibanda hakionyeshi

Tuchukue mechi moja. Kampuni inaahidi kulipa mara 2,50 timu ya nyumbani ikishinda, mara 3,10 zikitoka sare, mara 2,80 wageni wakishinda. Anayetaka kupata franka 10 000 kwa hakika, matokeo yoyote yakitokea, ni lazima aweke 4 000 kwa timu ya nyumbani, karibu 3 226 kwa sare, na karibu 3 571 kwa wageni. Ujumlishe: ni karibu 10 800. Amelipa 10 800 ili apate 10 000. Zile 800 ni za kampuni kabla mpira haujaguswa.

Katika mechi moja, basi, kampuni inabaki na karibu franka 7 katika kila 100. Lakini wachezaji wetu hawapendi mechi moja. Wanapenda tiketi ya mechi nyingi, kwa sababu inaahidi kiasi kikubwa. Kila mechi inayoongezwa inaongeza sehemu ya kampuni. Kwa mechi kumi za namna hiyo, katika kila franka 100 zinazowekwa, zile zinazorudi kwa wachezaji wote pamoja hazifiki 50. Na hata kama kijana anajua mpira sana hivi kwamba anapata mechi 7 katika kila 10, tiketi yake ya mechi kumi itapita yote mara 3 tu katika mara 100.

Halafu kuna tiketi iliyoharibiwa na mechi moja. Mechi tisa zimepita, ya kumi imekataa katika dakika ya mwisho. Mtu huyo amepoteza kila kitu, lakini moyo wake unamwambia kwamba alikaribia. Wataalamu wa akili wameonyesha kwamba kukosa kwa karibu kunamvuta mtu acheze tena, karibu kama vile kushinda. Ndiyo maana mwenye tiketi hiyo haendi nyumbani kulia. Anatafuta pesa ya tiketi nyingine.

Kutoka mchezo hadi deni

Hatua hizi tunazijua sote katika ofisi za wachungaji. Kwanza mtu anacheza pesa yake. Kisha anacheza pesa ya nyumba, akisema ataitafuta arudishe. Baadaye anacheza pesa ya wengine: ile ya kila siku ambayo motari anapaswa kumpelekea mwenye pikipiki, mchango wa msiba, sanduku la AVEC ao la MUSO. Mwishoni anakwenda kwa Banki Lamberti, yule mkopeshaji wa mtaani asiye na ofisi wala huruma.

Tuseme amekopa dola 100 kwa riba ya 30 kwa mia kila mwezi, na riba isiyolipwa inaongezwa juu ya deni. Baada ya miezi minne bila kulipa anadaiwa karibu dola 286. Karatasi za parsela zimebaki kwa mkopeshaji. Hapo mchezo unabadilika. Hachezi tena kwa furaha wala kwa tamaa ya kutajirika. Anacheza ili alipe deni, kwa sababu haoni mlango mwingine. Ni lazima tuelewe jambo hili, kwa maana kumwambia mtu huyo «acha tu» ni kumwambia afunge mlango pekee anaouona wazi, ingawa mlango huo ndio unaomwangusha. Anayetaka kumsaidia aache mchezo ni lazima azungumze naye habari ya deni. Na anayetaka kumsaidia alipe deni ni lazima azungumze naye habari ya mchezo.

Dhambi ao ugonjwa?

Swali hili linaulizwa katika kila semina. Wataalamu wamelijibu kwa upande wao: mwaka 2013 chama cha madaktari wa akili wa Marekani kiliweka kamari iliyomshinda mtu katika kundi moja na ulevi na madawa, na orodha mpya ya magonjwa ya Shirika la Afya Ulimwenguni, iliyoanza kutumika Januari 2022, inaitaja katika kundi hilohilo. Anayekataa kusikia hayo anapigana na mambo yanayoonekana kwa macho: mtu anayetetemeka saa ya mechi, asiyelala, anayeapa asubuhi na kuvunja kiapo jioni.

Lakini kusema ni ugonjwa hakufuti wajibu. Pesa ya mjane iliyokuwa sandukuni haikupotea kwa malaria. Paulo, katika sura ya 6 ya barua kwa Wagalatia, anaomba waamini wabebeane mizigo, na mistari michache baadaye anasema kila mtu ataubeba mzigo wake mwenyewe. Katika Kigiriki ametumia maneno mawili. La kwanza, baros, ni uzito unaomlemea mtu. La pili, phortion, ni mzigo ambao kila msafiri anaweza kuubeba. Tofauti hiyo inatusaidia sana. Kutoka katika nguvu ya mchezo ni uzito ambao mtu mmoja hawezi kuuinua; hapo anahitaji wenzake. Kutaja deni lake na kulilipa kidogo kidogo ni mzigo wake. Hapo hakuna wa kumbebea.

Njia mbili zinazoshindwa

Makanisa mengi yana majibu mawili. La kwanza ni kumweka mtu chini ya nidhamu, jina lake likatangazwa, akaondolewa katika kwaya. Matokeo yake ni kwamba wengine kumi walio na shida hiyohiyo wanajifunza kuificha vizuri zaidi. Nidhamu ina nafasi yake, hasa kwa aliyechukua mali ya wengine na kukataa kuikubali. Lakini nidhamu isiyo na mahali pa kupona ni mlango unaofunguka upande wa nje tu.

Jibu la pili linatoka katika moyo mwema: jamaa ao kanisa linakusanya pesa, deni linalipwa mara moja, watu wanaomba, mambo yanakwisha. Kwa mcheza kamari, kufutiwa deni ghafula kunafanana na kushinda. Uzito umeondoka, jina limesafishwa, wakopeshaji wako tayari kumpa tena. Baada ya miezi michache deni linarudi, na mara hii wasaidizi wamechoka.

Wenzake walioumia naye

Njia ya tatu ina historia, na sehemu ya mizizi yake iko katika kanisa. Mwaka 1935, katika mji wa Akron huko Marekani, walevi wawili, mfanyabiashara Bill Wilson na daktari Bob Smith, waligundua kwamba mlevi anasaidika akizungumza na mlevi mwenzake. Walikuwa wamejifunza kuungama na kurekebisha makosa katika mwendo wa Kikristo ulioanzishwa na mchungaji Mlutheri Frank Buchman. Mwaka 1957, katika mji wa Los Angeles, wacheza kamari walianza kukutana kwa njia hiyohiyo, na vikundi vyao vimeenea katika nchi nyingi.

Kwa nini njia hii inasaidia? Mcheza kamari amezoea kusema uongo: kwa mke, kwa mwajiri, kwa mchungaji. Anajua tunachotaka kusikia. Lakini ni vigumu kumdanganya mtu ambaye ametumia uongo uleule. Tena, aibu inamwambia kwamba yuko peke yake, na kikundi kinamwonyesha siku ya kwanza kwamba sivyo. Na anayeanza kumsaidia mwenzake anapata sababu mpya ya kutoanguka Jumamosi hii.

Sisi watu wa mashariki hatuko wageni kwa jambo hili. Mama zetu wanaendesha AVEC na MUSO kwa uaminifu unaoshangaza: wanakutana siku ileile, wanahesabu mbele ya wote, na funguo za sanduku ziko kwa watu watatu tofauti. Adabu ya kukutana bila kukosa na kusema ukweli mbele ya wenzako ipo tayari. Tunaweza kuitumia kwa kupona kama tunavyoitumia kwa kuweka akiba.

Kikundi kinaweza kuendeshwa namna gani

Parokia isingoje programu kubwa wala mfadhili. Watu wanne ao watano wanatosha kuanza, pamoja na mzee wa kanisa ao shemasi anayejua kusikiliza na kunyamaza. Mambo yafuatayo yanafaa kuchungwa.

Kikutane kila juma, na ikiwezekana saa ya mechi kubwa, kwa sababu saa hiyo ndiyo saa ya jaribu. Kinachosemwa ndani kibaki ndani. Mchungaji asikigeuze kuwa mfano wa mahubiri. Kila mmoja aseme ukweli wa juma lake: alicheza ao hakucheza, kiasi gani, alipata wapi pesa. Kila mmoja awe na namba ya mwenzake wa kumpigia kabla ya kucheza. Wanachama wasikopeshane hata franka moja. Wanaume na wanawake wanaweza kukutana mbali, maana wanawake wanaocheza wapo, na aibu yao ni nzito zaidi.

Simu nayo ishughulikiwe. Programu za pari zifutwe, akaunti zifungwe. Kwa muda fulani mshahara na namba ya siri ya pesa ya simu vishikwe na mke, mume ao ndugu anayeaminika, kama huyo amekubali kwa hiari. Mke asifanywe polisi. Kama nyumbani kuna vipigo, atafutwe mtu mwingine, na mama huyo alindwe kwanza. Yeye naye anahitaji wenzake: katika nchi nyingi jamaa za wacheza kamari wana vikundi vyao, na Chama cha Mama katika parokia kinaweza kufungua nafasi hiyo.

Atakayeanguka asifukuzwe. Arudi juma linalofuata aseme. Lakini pia tusiharakishe kumpa mikrofoni. Mtu aliyekaa wiki tatu bila kucheza, tukimsimamisha mbele ya kusanyiko atoe ushuhuda, tunamwekea jina ambalo akianguka hataweza kuja kulitengeneza. Na asirudishiwe upesi funguo za sanduku, hata akiwa ameomba msamaha kwa machozi. Msamaha unaweza kutolewa leo. Uaminifu wa kushika pesa unajengwa kwa muda. Siku ya kugawana akiba mwishoni mwa mwaka ni siku ya hatari kubwa kwake. Asiende peke yake kuchukua sehemu yake.

Kikao cha deni

Vikundi vya wacheza kamari vina desturi moja inayofaa sana kwetu. Baada ya mtu kukaa muda fulani bila kucheza, wenzake wawili ao watatu wenye uzoefu wanakaa naye pamoja na mwenzi wake, na deni lote linaandikwa. Lote. Deni moja likifichwa, ndilo litakalomrudisha kibandani.

Kisha wanapanga. Chakula, nyumba, dawa na shule vinatangulia. Kinachobaki kinagawanywa kwa wadai wote, kila mmoja kiasi kidogo kinachoweza kulipwa kweli. Mdaiwa anakwenda mwenyewe kwa kila mdai, pamoja na shahidi, anakubali deni na kueleza mpango. Hakopi hapa ili alipe pale. Pesa ya kikundi cha mama ao ya mjane itajwe mbele ya kikundi chenyewe na iwe na mpango wake.

Wengine wanatishwa na kifungo. Mkataba wa kimataifa wa haki za kiraia na za kisiasa, ambao nchi yetu iliuingia mwaka 1976, unakataza kumfunga mtu kwa sababu tu ameshindwa kulipa deni la makubaliano. Kula pesa ya wengine uliyokabidhiwa ni jambo lingine, na sheria inalijua. Ni vizuri mdaiwa ajue tofauti hiyo kabla hajakimbia mji ao kulipa kwa hofu.

Na Banki Lamberti? Wakopeshaji wengine wanaimba nasi Jumapili. Katika Nehemia sura ya 5, watu walioweka rehani mashamba na nyumba zao wanapaza kilio, na Nehemia haendi kuwafariji wadaiwa peke yao. Anaita kusanyiko, anawakabili wakopeshaji waziwazi, anakubali kwamba yeye na watu wake nao wamekopesha, na anadai mali irudishwe. Baraza la wazee linaloweza kumwita mcheza kamari linaweza pia kumwita mwenye kudai riba ya 30 kwa mia kila mwezi. Tukimwita mmoja tu, watu wataona.

Mipaka ya kikundi

Kikundi hakimponyi kila mtu. Wengi wanaacha kuja baada ya mara chache, na wengine wana huzuni nzito ao ulevi juu ya kamari. Mtu anayesema kwamba maisha hayana maana, ao anayeanza kugawa vitu vyake na kuaga, asiachwe peke yake usiku huo. Apelekwe kwa muuguzi ao daktari. Bukavu kuna kituo cha SOSAME, Goma kuna Tulizo Letu, ambako magonjwa ya akili yanatunzwa. Kumpeleka mtu huko si kukosa imani.

Kanisa lenyewe na serikali

Majirani wameanza kuweka mipaka. Januari 2019 serikali ya Uganda ilitangaza kwamba haitatoa vibali vipya kwa kampuni za pari. Mwaka huohuo Kenya ilikataa kurudisha vibali vya kampuni 27, na mwezi wa Aprili 2025 ilisimamisha matangazo yote ya kamari kwa siku 30. Makanisa yetu yanaweza kuomba viongozi mambo mepesi ya kuanzia: vibanda visiwe karibu na shule, na watoto wasiruhusiwe kucheza.

Lakini sauti yetu itakuwa dhaifu kama tunaendesha tombola ili tupate mabati ya kanisa. Itakuwa dhaifu zaidi pale mimbara inapofundisha kwamba ukitoa dola 10 kwa imani utavuna 100 kabla ya mwezi kuisha. Kijana aliyelelewa kwa mafundisho hayo, akiingia kibandani, anakuta lugha aliyokwisha kuizoea: weka kidogo, amini, ngojea kikubwa. Tofauti ni kwamba kibandani anapewa tiketi.

Mjane wa 2 Wafalme 4 alikuwa na mdai mlangoni, tayari kuwachukua watoto wake wawili. Elisha alimuuliza ana nini nyumbani, akamtuma kwa majirani kuazima vyombo, kisha akamwambia auze mafuta, alipe deni kwanza, na wanawe waishi kwa kilichobaki. Muujiza ulitoka kwa Mungu. Vyombo vilitoka kwa majirani. Juma hili, katika parokia yako, kuna mtu ambaye mdai yuko mlangoni kwake na ambaye hajamwambia yeyote. Wazee wakae, wachague chumba, siku na saa, na kumtafuta mmoja aliyeacha kucheza ili awe wa kwanza kuketi humo.